Mninga wa Gitaa Jekundu

Sina uvumilivu na mtu anayegonga mbao kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, halafu akatikisa kichwa kama daktari. Mbao haisemi kwa kugongwa. Inasema ikikwaruzwa, ikiloweshwa na ikinuswa. Hayo nilifundishwa na baba yangu, Mmakonde mchonga vinyago, kabla sijajua kusoma, nikaja kuyaendeleza Keko, ambako nimepiga msasa na vanishi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mke wa fundi seremala na sasa nikiwa mjane wake mwenye karakana. Mpiga vanishi ndiye mtu wa mwisho kuiona mbao ikiwa uchi. Seremala anaweza kumficha mteja, lakini mimi hanifichi kitu.

Ndiyo maana yule mzee mpiga gitaa alinijia mimi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na gitaa lake la umeme alikuwa amelifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Nilimfahamu siku nyingi. Marehemu mume wangu ndiye aliyemkatia kiwiliwili cha gitaa hilo, miaka ishirini na kitu iliyopita, na tangu wakati huo aliniita shemeji, nami nikamwita shemeji. Akipita Keko hakosi kusimama kunijulia hali. Mume wangu alipofariki, alikuja msibani akakaa siku zote tatu.

"Shemeji, mie naitwa mwizi," alisema hata kabla sijamvutia kiti.

Nikamwambia akae kwanza, aeleze. Akaeleza huku mikono yake imelishika lile furushi la kitenge.

Zamani, kwenye bendi za dansi, vyombo vilikuwa vya mwenye vyombo. Mwanamuziki alikuwa na vidole vyake tu. Akihama bendi, gitaa analiacha ukutani, anaondoka mikono mitupu. Mzee alipiga solo kwenye bendi ya mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, na gitaa alilopewa lilikuwa jekundu, la kiwandani, lililotoka ng'ambo. Akalipenda kupita kiasi. Alipoanza kufikiria kuhama, alilichora umbo lake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaja nayo Keko akiwa ameikunja kwapani, akamwambia marehemu: nikatie hivi hivi, kwa mninga. Shingo, sumaku za kunasia mlio na nyaya aliokoteza kimoja kimoja kwenye mitumba. Rangi akapigiwa na fundi wa magari, nyekundu ile ile. Kisha akaaga bendi, gitaa lao akaliacha ukutani, akatoka na la kwake.

Sasa yule mwenye vyombo alikuwa amefariki. Mwanawe amekuta karatasi yenye mwandiko wa baba yake, orodha ya vyombo vya bendi, na ndani yake kuna gitaa la solo, jekundu. Vingine amevipata, hilo hakulipata. Mtu akamwambia: nenda Sinza Ijumaa, utaliona mikononi mwa mzee fulani. Akaenda, akaliona, akashtaki kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

"Nimewaambia wazi," alisema mzee. "Gitaa la kiwandani haliwi mninga. Hili langu ni mninga wa Keko, nimekatiwa mbele ya macho yangu. Nikasema, andikeni: kama si mninga, lichukueni. Wameandika. Jumamosi saa nne kikao. Fundi mwenyewe ndo hayupo, shemeji, umebaki wewe."

Nilielewa ukubwa wa jambo. Gitaa unaweza kuazima. Jina huazimi. Mpiga gitaa akishaitwa mwizi wa vyombo, hakuna bendi itakayomwachia hata waya wa spika, na huyu alikuwa na umri wa kucheza na wajukuu, hana ujuzi mwingine duniani.

Nikalilaza gitaa kifudifudi juu ya gunia, kwenye meza ya kazi, nikachukua bisibisi. Mgongoni kulikuwa na kifuniko cha plastiki chenye parafujo nne. Nikakifungua. Ndani kuna shimo lililochimbwa kwa patasi kupitisha nyaya, na humo rangi ya magari haikuwa imefika. Kuta za shimo zilikuwa za hudhurungi nyekundu, rangi ya mninga kabisa. Mzee akaona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Si unaona!"

Nilikuwa naona. Uzito haukunisaidia kitu, maana gitaa lina vyuma vyake. Nikachukua kisu kidogo, nikakwaruza pembeni, mahali penye kivuli. Vumbi la kwanza lilitoka hudhurungi. La pili lilitoka jeupe kama unga wa muhogo. Mninga ukiukwaruza unatoa vumbi la rangi ya tangawizi, lina harufu yake, na mimi huniletea chafya papo hapo, siwezi kuizuia. Nilingoja chafya. Haikuja. Nikatia mate kwenye ncha ya kidole, nikapaka. Kwenye ule weupe ukajitokeza mstari wa kijivu, umepinda kidogo, kama unavyojitokeza kila siku kwenye mbao ya mwembe.

Mwembe! Ule wa Mbagala na Chanika, unaokatwa mtu anapotaka kujenga, unaliwa na wadudu kabla msumari haujapata kutu.

Ile hudhurungi ya juu nayo niliijua. Keko tunayo dawa. Unakwenda duka la dawa, unanunua zile chembe za zambarau za kuoshea vidonda, pamanganeti, unazikoroga kwenye maji ya moto, unapaka mbao nyeupe. Kwanza inakuwa zambarau, unashtuka, baada ya muda inageuka hudhurungi, na ukiipiga vanishi mteja anakuuliza mninga huu umetoka Tabora au Mpanda. Sikufundishwa dawa hiyo na baba yangu. Nilifundishwa na mume wangu, na baadaye nikawa naikoroga vizuri kuliko yeye. Ile ya kwenye gitaa, kwa jinsi ilivyokaa sawasawa bila madoa, ilikuwa mkono wangu mwenyewe.

Niseme ukweli, niliogopa. Niliiona sura ya marehemu, mtu aliyesifiwa kaburini kwa uaminifu wake, na mimi nikiwa nimelia kweli kweli wakati anasifiwa. Niliwaona mafundi wangu watatu wanaokula kwa jina lile. Na huyu mzee mbele yangu, ambaye kila anayesifia mlio wa gitaa lake humjibu kwa neno moja, mninga. Mwembe ni wa hapa hapa, nikawaza, na mninga nao ni wa hapa hapa. Nikisema mninga, gitaa linabaki kwake, hakuna aliyeumia.

"Mninga," nikasema.

Alipogeuka kuita maji ya kunywa, nikapaka dawa ya viatu ya hudhurungi pale nilipokwaruza, nikarudisha kifuniko na parafujo zake nne.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa kugombana. Fundi akiweka randa vibaya, nakuja juu. Mteja akiuliza bei mara mbili, namwambia aende Buguruni. Nilijua nilichokifanya na kila nikipita kwenye ndoo ya dawa nilikuwa naitazama kama inataka kunisema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mtu akishaanza kuikanyaga anajipa moyo kwamba yake itakuwa ndefu kidogo.

Jumamosi nilivaa baibui langu jipya, nikaweka kwenye mkoba kipande cha mninga halisi ili kuwaonyesha mfano, nikaenda. Ofisi ya serikali ya mtaa ni chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na kabati la mafaili. Mwenyekiti alinipokea kwa bashasha, maana kitanda anacholalia kilitoka karakana kwangu. Pembeni yake karani wa kike alikuwa na daftari. Mzee alikaa benchi la kushoto, shati limepigwa pasi hadi kola imesimama. Benchi la kulia alikaa yule mtoto wa mwenye vyombo.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia. Alisimama nilipoingia, akaniamkia shikamoo kwa heshima, akanipisha penye feni. Alikuwa mtu wa makamo, muuza vitambaa, karatasi ya baba yake ameiweka kwenye bahasha ya plastiki ili isichakae. Aliishika kama mtu anavyoshika kitu alichoachiwa. Alikuja pia na fundi wake kutoka Kinondoni, mtengenezaji wa magitaa na spika, mwenye kikoba cha vifaa kiunoni na simu mbili.

Mwenyekiti akaniuliza. Nikaeleza kwamba mimi ni mjane wa fundi, kwamba marehemu alilikata lile gitaa, na kwamba nimelikagua Jumanne.

"Mti gani, mama?"

"Mninga."

Sauti ilitoka safi. Nikatoa kile kipande changu, nikafungua kifuniko cha mgongo, nikaweka kipande ubavuni mwa shimo. Rangi zilifanana. Karani akaandika. Mzee akashusha pumzi, na mwenyekiti akafunga kalamu.

"Mwenyekiti, samahani," fundi wa Kinondoni akasema. "Naweza kutazama na mie? Dakika moja tu."

Hakuna aliyemkatalia. Akawasha tochi ya simu, akamulika shimoni, akainama. Akachukua wembe kutoka kwenye kikoba, akakwaruza. Nilimtazama vidole. Hakukwaruza juu juu kama mimi, alichimba. Kisha akakung'uta kwenye kiganja, akakipitisha kiganja mbele ya mwenyekiti.

"Mninga mweupe mie sijawahi kuuona. Nyie mmeuona?"

Nilijibu haraka, na kwa jibu tunalowapa wateja kila siku.

"Kila mninga una weupe wake wa nje, karibu na ganda. Hapo amegusa weupe wa nje."

Jibu hilo ni la kweli, ndiyo maana linatufaa. Lakini yule hakuwa mteja wa kabati. Akageuza gitaa, akafungua parafujo za sumaku, akazinyanyua, akachimba chini yake, katikati kabisa ya kiwiliwili. Nyeupe. Akachimba upande wa pili. Nyeupe. Kila mara alikuwa anapuliza vumbi kwa adabu upande usio na watu.

"Imepakwa tu juu," alisema. "Ndani mbao nyeupe tupu. Haya magitaa ya kiwandani ya zamani ndo yalivyo, mwenyekiti. Mie nimeyafungua mengi. Mzee atusamehe, lakini hapa hamna mninga."

Mwenyekiti akavuta daftari la karani, akarudisha kurasa nyuma, akasoma kwa sauti: kama si mninga, lichukueni. Akamtazama mzee juu ya miwani.

"Haya maneno ni yako?"

"Yangu," alisema mzee.

Alikuwa amesimama, na sijui alisimama saa ngapi. Alikuwa anaiangalia ile mbao nyeupe kwa namna ambayo sikuweza kuitazama. Mtoto wa mwenye vyombo aliinamisha macho. Nadhani alipenda kushinda, lakini hakupenda kumwona mtu mzima akivunjika mbele yake.

"Nilikatiwa mbele ya macho yangu," mzee alisema. "Ubao mwekundu. Niliushika kwa mkono huu." Kisha akanigeukia. "Shemeji, waambie."

Hakusema kwa hasira, wala kwa shaka. Aliamini kwamba nina jibu, na kwamba nikilitoa, mambo yatanyooka. Wallahi ningependa anitukane.

Nilifikiria kukaa kimya. Nalikiri hilo. Nilifikiria kusema kwamba marehemu alikata magitaa mawili, kwamba labda yalibadilishana mahali, uongo wa pili wa kuuvika nguo ule wa kwanza. Nikaona karani ameshaanza kuandika uamuzi. Nikasimama.

"Nipeni dakika tano," nikasema, nikatoka nje.

Walidhani nimekimbia, baadaye niliambiwa hivyo. Nilikwenda kwa mama anayekaanga mihogo ng'ambo ya barabara, nikamwomba ndimu mbili na kisu. Niliporudi, mwenyekiti alikuwa amenuna.

"Sasa mama, ndimu za nini?"

"Andika upya, mwanangu," nilimwambia karani. "Nilichosema mwanzo ni uongo. Hili gitaa si mninga. Ni mwembe."

Mzee akakaa. Nikamsikia akikaa, sikumtazama, maana ningemtazama nisingemaliza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nikakata ndimu. Nikachukua kwanza kile kipande changu cha mninga halisi, nikakamulia, nikasugua kwa kidole. Kikalowa, rangi ikabaki ile ile. Nikawapitishia wote wakaona. Kisha nikakamulia ndimu ya pili kwenye ukuta wa shimo la gitaa, pale ambapo wembe haukugusa, nikasugua polepole. Hazikupita dakika mbili. Ile hudhurungi ikaanza kuyeyuka, ikawa njano chafu, ikatoweka, kidole changu kikapita kwenye mbao nyeupe yenye mistari ya kijivu. Fundi wa Kinondoni akasogeza tochi bila kuambiwa.

"Hii rangi ni pamanganeti," nilisema. "Ndimu inaiondoa. Mninga hauogopi ndimu. Hii dawa tunaipaka Keko kwenye mwembe ili mteja aone mninga. Mume wangu alikuwa anapaka. Mimi nilikuwa nakoroga. Hata hii nadhani niliikoroga mimi. Sasa mniambie, huko ng'ambo kiwandani, wanataka kumdanganya nani kwa mninga? Wanaujua mninga? Kiwanda gani kitapasua mwembe wa Mbagala, kiupake dawa ufanane na mti wa Tabora, halafu kiufunike kwa rangi nyekundu? Huyu mzee ameibiwa. Hakuiba."

Fundi wa Kinondoni alichukua ndimu, akajaribu mwenyewe mahali pengine, akaangalia ile mistari ya kijivu kwa karibu, akanusa. Lazima nimpe haki yake, hakutafuta pa kujificha.

"Ni mwembe," akasema. "Nyumbani kwetu kuna stuli za hivi. Nimeikosea."

Mtoto wa mwenye vyombo aliikunja karatasi ya baba yake, akairudisha kwenye bahasha. Akavuka kwenda benchi la kushoto, akainama mbele ya mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima."

"Umesamehewa, mwanangu," mzee alisema. Alisema vizuri, kwa sauti ya kutosha karani kuandika.

Mwenyekiti naye alikuwa amevua miwani. Ananitazama mimi, hatazami tena gitaa.

"Mama," alisema taratibu, "na kile kitanda changu?"

"Miguu na kichwa ni mninga," nikasema. "Mbao za pembeni na chaga ni mwembe."

Karani akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Mwenyekiti hakucheka. Mimi nilikusanya maganda ya ndimu mezani, nikayatia kwenye mkoba, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Mzee alitoka na gitaa lake bila kunisubiri.

Habari ilifika Keko kabla yangu. Fundi wa karakana ya jirani, tuliyesaidiana naye misumari miaka yote, alikuwa ananingoja mlangoni.

"Yaani umetuuza wote, mama? Kwa gitaa la mtu mmoja?"

Nilimjibu jibu baya ambalo siwezi kuliandika. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Wiki ile wateja walianza kuja na ndimu. Nilimwona mama mmoja wa heshima kabisa, na shungi lake, akichuchumaa nyuma ya kabati kukamulia mguu wa ndani. Mafundi wangu wawili waliondoka. Aliyebaki nilimwambia tuandike bango: mwembe ni mwembe, mninga ni mninga, bei ya kila mmoja hii hapa. Tukaandika, na kwa muda mrefu tuliuza stuli tu.

Yote hayo niliyamudu. Kilichonikaba ni kwamba mzee hakupita tena. Nilisikia kwamba Sinza anapiga kama kawaida, Ijumaa na Jumapili, na kwamba kisa chake kimemwongezea mashabiki. Nikajiambia basi, jina lake limesafika, si ndicho alichokitaka? Nikajiambia hivyo karibu mwezi mzima.

Akaja siku ya Alhamisi, mchana, jua kali. Gitaa analo, safari hii ndani ya mfuko wake mweusi. Nikamsalimia, akaitika. Nikamvutia kiti, akakaa. Nikaanza kuomba radhi, maneno niliyokuwa nimeyapanga, kwa niaba yangu na ya marehemu, akanyanyua kiganja.

"Hilo limekwisha, shemeji. Mlio haujabadilika. Nilidhani utabadilika, haujabadilika." Akaulaza mfuko wa gitaa mapajani. "Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua. Mie siku ile nilikaa hapa toka asubuhi. Nilikuwa mjanja, nilishaambiwa mafundi wa Keko wakoje. Niliushika ubao mwenyewe, mninga kweli. Akaanza kukata nikiona. Jioni nikaondoka na mwembe. Aliubadilisha saa ngapi?"

Nilijua jibu. Nadhani nililijua tangu Jumanne ile nilipokwaruza kwa kisu, ila nililisukumia mbali, maana la dawa ungeweza kusema ni kazi, kila mtu Keko anafanya. Hili lilikuwa langu peke yangu.

Mteja mjanja, anayekaa na kutazama, alikuwa na utaratibu wake. Fundi anaanza kukata ubao halali mbele yake. Ikifika saa nne, mke wa fundi anatokeza, ana kanga mabegani na uso wa huruma, anasema: shemeji, umekaa toka asubuhi hujatia kitu tumboni, njoo upate chai hapo kwa jirani, kazi haikimbii. Mteja akikataa, anamsihi. Akienda, anakaa naye, anamuuliza watoto, anamuuliza kwao, mpaka atakapoona fundi amening'iniza shati lake mlangoni. Shati likining'inia, ubao umeshabadilishwa, wa mwembe umeshakatwa vile vile na kupakwa dawa.

"Saa ile ya chai," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Nilimwona akiitafuta ile saa kichwani, akaipata, na uso wake ukalainika badala ya kukunjamana, kwa sababu alichokikumbuka kwanza kilikuwa wema.

"Ulinipeleka wewe."

"Nilikupeleka mimi."

"Nilikuwa na njaa, wallahi. Sikuwa na hata nauli ya kurudi. Ukaninunulia chapati, nikamaliza, ukaagiza ya pili bila mie kusema."

Ningeweza kunyamaza pale. Angeondoka na chapati yake. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshazoea njia nyingine, na nilikuwa nimechoka kuchagua kipi nimwachie mtu na kipi nimnyime.

"Niliagiza ya pili," nikasema, "kwa sababu shati lilikuwa bado halijaning'inizwa."

Nikamweleza habari ya shati. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, kidole gumba kinapapasa zipu ya mfuko. Kisha akasimama, akapachika mkanda begani, akanitazama bila ukali wowote.

"Ile chapati, shemeji," alisema, "nimewahadithia mpaka wanangu."